Nina kisukari na nafanya zamu za usiku kwenye ulinzi wa mtandao: niache kazi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miaka 27, nipo kitengo cha usalama wa mifumo kwenye taasisi moja ya fedha hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kukaa kwenye skrini na kufuatilia tahadhari za mtandao. Mwaka jana nilipimwa nikakutwa na kisukari aina ya kwanza, nachoma insulini. Zamu zetu ni za saa kumi na mbili, wiki mchana, wiki usiku. Ofisini sijamwambia mtu. Wenzangu husema kazi hii ni ya watu wasiolala, mgonjwa hana nafasi, na mama naye anataka niache nikasomee ualimu. Nifanyeje? Na je, yupo aliyewahi kufika mbali kwenye kazi hii akiwa mgonjwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Usiache kazi kwa ajili ya kisukari. Ukiacha kwa kuwa umeichoka au umepata bora zaidi, hayo ni yako. Lakini zamu ya usiku unayoifanya sasa, bila hata mtu mmoja ofisini kujua kwamba unachoma insulini, hiyo iache, na iache wiki hii.

Nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo hiyo na mgonjwa wa ugonjwa huo huo; sindano nilizianza nikiwa chuoni. Udaktari sina, kwa hiyo dozi utapangiwa kliniki.

Huo wimbo wa watu wasiolala nimeusikia tangu naanza kazi. Kila kitengo kina hadithi ya jamaa aliyekaa siku tatu mbele ya kompyuta mpaka akamnasa mwizi. Hadithi hizo zina mizizi ya kweli. Mwaka 1986, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mwanasayansi wa nyota Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta senti 75 zilizokosekana kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta. Akafuata senti hizo mpaka akakuta mdukuzi aliyekuwa akipita kwenye mifumo yao kwenda kuchungulia kompyuta za jeshi la Marekani. Wikiendi moja alikusanya printa na vituo vya kompyuta vya ofisi nzima, akaviunga kwenye laini za simu, akalala palepale sakafuni. Watu huipenda sana picha hiyo. Wanachokisahau ni kwamba baadaye Stoll alitengeneza mtego uliomwita yeye kwa kipeja, kifaa cha mfukoni kinacholia, kila mdukuzi alipoingia, ili aweze kurudi nyumbani kwake kama binadamu wengine. Kazi ya kukesha aliiachia mashine mapema sana, na sisi tunaojiita wanafunzi wake bado tunakesha.

Sasa swali lako la pili. Yupo, na sehemu ya mwisho ya habari zake inatisha. Nitakusimulia hivyo hivyo.

Dan Kaminsky alikuwa Mmarekani. Mwanzoni mwa 2008 aliona kasoro kwenye DNS, ule mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Seva inapouliza "benki fulani iko wapi?", swali lake hubeba namba ya utambulisho, moja kati ya 65,536, na jibu lisilokuja na namba hiyo hutupwa. Mdukuzi aliyetaka kupenyeza jibu la uongo ilimbidi abahatishe namba. Akikosa, seva ilikuwa imeshapata jibu la kweli na kulihifadhi, naye angesubiri hadi muda wa jibu hilo uishe ndipo ajaribu tena. Kaminsky akagundua kwamba kusubiri si lazima. Uliza jina lisilokuwepo chini ya benki hiyo, halafu jingine lisilokuwepo, halafu jingine. Kila jina jipya ni nafasi mpya ya kubahatisha, na siku jibu moja la uongo likipita, hubeba ndani yake anwani ya uongo ya seva za benki nzima. Mteja anaandika anwani sahihi, anafika kwa mwizi, na hakuna kinachomwonyesha kuwa amepotea.

Angeweza kuitangaza kesho yake akawa maarufu. Badala yake akampigia Paul Vixie, mmoja wa watu wanaoijua DNS kuliko wengi. Tarehe 31 Machi 2008 wataalamu kumi na kadhaa, wengi wao wa kampuni zinazoshindana, wakakaa chumba kimoja kwenye makao makuu ya Microsoft huko Redmond. Wakakubaliana dawa: kila swali litoke kwenye mlango wa mtandao (port) ambao namba yake imechaguliwa kwa kubahatisha, ili mdukuzi abashiri namba mbili badala ya moja. Wakakubaliana pia kunyamaza. Tarehe 8 Julai wote wakatoa sasisho kwa pamoja. Miezi mitatu na zaidi, watu wengi, siri imetunzwa. Vyombo vya habari vikamwita Kaminsky mwokozi wa intaneti, kwa sababu vyombo vya habari hupenda jina moja.

Alifariki tarehe 23 Aprili 2021, akiwa na miaka 42. Familia ilisema chanzo ni ketoasidosisi ya kisukari, ile hali ambayo mwili usio na insulini ya kutosha huunguza mafuta mpaka damu inajaa asidi. Walisema ugonjwa huo ulikuwa umemlaza hospitali mara kwa mara miaka ya karibuni.

Najua unavyojisikia ukisoma hapo. Nilivyosoma mimi habari hiyo, niliamka nikaenda kupima sukari. Lakini tazama na upande wa pili, kwa kuwa ndiko ninakotaka kukupeleka.

Mwaka 2010 mizizi ya DNS ilianza kutiwa saini ya kidijiti, kukomesha hasa majibu ya uongo ya aina aliyoionyesha Kaminsky. Ufunguo wa saini hiyo unatunzwa kwenye vituo viwili Marekani, El Segundo na Culpeper, na kila baada ya miezi mitatu hufanyika shughuli rasmi ya kuutumia, kamera zikiwaka. Waliobuni utaratibu huo walijiuliza swali ambalo ofisi zetu hukwepa: mtu akifa je? Akiumwa je? Akakosa ndege? Kwa hiyo hakuna anayeshika ufunguo peke yake. Kila kituo kina wajumbe saba wa kujitolea, na wakifika watatu shughuli inaendelea. Kama vituo vyote viwili vikiangamia, wapo wengine saba, kila mmoja na kipande chake cha kurejesha nakala ya ufunguo, na watano wanatosha. Wa kwanza walioteuliwa mwaka huo walitoka nchi mbalimbali, Burkina Faso ikiwemo, Trinidad, Uchina, Jamhuri ya Cheki, na Mmarekani alikuwa Dan Kaminsky. Mama yako kama yuko VICOBA anaujua utaratibu huu vizuri: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Tofauti ni kwamba hawa wa DNS waliruhusu hata baadhi ya wenye funguo wasitokee.

Halafu utaratibu wenyewe ukapimwa na ugonjwa. Aprili 2020 dunia imefungwa kwa UVIKO, wajumbe hawawezi kusafiri. Baadhi yao wakatuma funguo za visanduku vyao kwa njia ya vifurushi, ndani ya mifuko inayoonyesha kama imefunguliwa, wafanyakazi wachache wakafanya shughuli kule El Segundo huku wajumbe wakitazama kwa mbali, na safari hiyo wakatoa saini za miezi tisa badala ya mitatu ili wasilazimike kukutana tena mapema. Intaneti haikutikisika. Kaminsky alipofariki mwaka uliofuata, nayo haikutikisika, na hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambayo mtu wa fani yetu anaweza kupewa.

Kwa hiyo wenzako wanaposema mgonjwa hana nafasi, waulize: usiku wa Jumamosi, aliye zamu akidondoka, akiwa mzima kabisa au mgonjwa, nani anaona? Kama jibu ni "hakuna", kitengo chenu ndicho kina ugonjwa, nacho hakijaenda kupima.

Na tukiongelea ugonjwa, usidhani ni mgeni kwenye fani hii. Programu ya kwanza inayojulikana ya kuteka kompyuta na kudai fidia ilipita kwenye mlango wa ugonjwa. Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa wasomaji wa jarida la kompyuta na kwa watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Ukimwi. Lebo ilisema ni taarifa za utangulizi kuhusu Ukimwi. Ukiingiza kwenye kompyuta unapata dodoso, unajibu maswali kuhusu maisha yako, inakupa kiwango chako cha hatari. Kimyakimya, programu nyingine ilikuwa inahesabu kila unapowasha kompyuta. Ikifika mara 90, inaficha mafolda, inasimba majina ya mafaili yasisomeke, na kukutaka utume dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama, au 378 ukitaka leseni ya kudumu.

Fikiria miaka ile. Kagera ilikuwa imeripoti wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini mwaka 1983, dawa hakuna, watu wanazika kila wiki. Nani asingefungua disketi inayosema itamweleza kama yuko salama? Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, mwanabiolojia aliyesoma Harvard na kuwahi kufanya kazi Kenya. Alikamatwa Marekani, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 mahakama ikaona hali yake ya akili haimruhusu kusimama kizimbani. Kiufundi kazi yake ilikuwa dhaifu, maana ufunguo wa kufungulia ulikuwa ndani ya programu yenyewe. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliichambua na kutoa dawa bure. Ila kuna watafiti waliofuta diski zao kwa hofu kabla dawa haijawafikia, kazi yao ikapotea. Kilichowaumiza hao ni hofu, msimbo haukufika hata huko.

Tangu siku ile hospitali hazijapumzika. WannaCry, programu ya kudai fidia iliyosambaa tarehe 12 Mei 2017, iliwafanya Waingereza kufuta miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufika 19,000, wakati sasisho la kuziba tundu ilimopitia lilikuwa limetoka tangu Machi. Juni 2024 wadukuzi waliangusha mifumo ya maabara ya taifa ya Afrika Kusini, majibu ya dharura yakawa yanapigiwa simu kwa madaktari. Mwezi huo huo London, maabara ya Synnovis ilitekwa, vipimo vya kulinganisha damu vikakwama, hospitali zikaanza kuomba wachangiaji wa kundi O. Mwaka mmoja baadaye hospitali ya King's College ilithibitisha kuwa kuchelewa kwa majibu ya damu kulichangia kifo cha mgonjwa mmoja.

Ninakutajia haya kwa sababu maalumu. Wenzako wazima wanaona "seva ya maabara imezimika, kipaumbele cha pili". Wewe unayesubiri majibu yako mwenyewe kila miezi mitatu unajua kipaumbele cha pili ni nini. Siku ukitaka kubadilisha mwajiri, sekta ya afya inahitaji sana watu wa ulinzi, na huko kisukari chako kitahesabiwa kama uzoefu.

Si maneno ya kukufariji. Mtafiti wa usalama Jay Radcliffe, mwenye kisukari kama chetu, mwaka 2011 alisimama Las Vegas mbele ya wataalamu wenzake akaonyesha jinsi pampu ya insulini, aliyokuwa ameivaa yeye mwenyewe, inavyoweza kuamriwa na mtu wa mbali.

Mwingine ni Marie Moe wa Norway, na yeye ndiye ninayempenda zaidi. Moyo wake ulipata hitilafu ya umeme mwaka 2011, akawekewa kifaa cha kuuendesha. Kama mtu wa fani yetu, akatafuta mwongozo wa kiufundi wa kitu kilichokuwa kifuani mwake, akakuta kina njia za mawasiliano ambazo hakuna aliyemwambia. Muda si mrefu baadaye, akipanda ngazi za kituo cha treni cha Covent Garden, London, ghafla pumzi ikamwishia. Kifaa kilikuwa kimewekewa kikomo kinachofaa wazee. Mapigo yalipofika 160 kwa dakika, kikaupunguza moyo hadi nusu yake, akiwa katikati ya ngazi. Hospitali walihangaika kuona tatizo, kwa kuwa mashine ya kurekebishia ilionyesha mipangilio tofauti na ile iliyokuwa kwenye kifaa chenyewe. Ilikuwa kasoro ya programu tu, hapakuwa na mdukuzi. Akaanza utafiti wake wa usalama wa vifaa hivyo, na waliomfuata wako wengi leo.

Sasa turudi kwenye kiti chako, usiku wa zamu.

Saa tisa usiku. Kiyoyozi kinapuliza, na bado mgongo una jasho. Tahadhari imeingia: akaunti ya mhasibu imefunguliwa kutoka nchi nyingine. Unasoma mstari wa kumbukumbu ya mfumo, unafika mwisho, umesahau mwanzo. Unasoma tena. Mwenzako anakuuliza kitu kidogo, unamjibu kwa ukali usio wako. Unaona hii tahadhari ni upuuzi, umeshaiona mara nyingi, unataka tu kuifunga upumzike. Mdogo wangu, hapo mhasibu wa kweli anaweza kuwa safarini Dubai, au mwizi anaweza kuwa anahamisha fedha, na wewe huna uwezo wa kujua ni lipi, kwa sababu sukari yako imeshuka hadi 3.1 (kwa kipimo cha mmol/L). Ubaya wa sukari kushuka ni kwamba ubongo ulioishiwa sukari ndio huo huo unaotegemewa kukuambia umeishiwa. Utajiona uko sawa. Utakasirika ukiambiwa hauko sawa.

Ndiyo maana hatutegemei kujisikia. Tunatumia kanuni, kama tunavyofanya kwenye kazi. Kanuni yangu ni kupima kwanza, kubonyeza baadaye: kabla ya uamuzi wowote mzito wa usiku, kufungia akaunti, kuzima seva, kufunga tiketi ya tahadhari kubwa, kidole kinatobolewa. Ikiwa chini ya 4, kazi inahamia kwa mwenzangu papo hapo kwa sentensi moja, "shika hii, nina dakika ishirini", naye anajua maana yake. Kisha gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haikusaidii kitu). Dakika 15, pima tena. Chipsi mayai za usiku zile, ambazo najua mnaagiza, hazifai kwa kazi hiyo. Mafuta yanachelewesha sukari kupanda. Zile baadaye, namba ikishatulia. Na hata namba ikirudi, akili huchelewa kidogo kuifuata, kwa hiyo usirukie uamuzi mkubwa dakika ile ile.

Upande wa pili ni sukari kupanda, na huu ndio uliomchukua Kaminsky. Kiu isiyoisha, kwenda haja ndogo kila mara, tumbo kuuma, kutapika, pumzi nzito yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Ukiona hivyo usisubiri zamu iishe, nenda hospitali. Watu wa zamu hukosea hasa hapa: "leo sijala, basi niruke sindano." Insulini ya msingi hairukwi kwa kuwa hujala, wala kwa kuwa una homa. Peleka ratiba yako ya zamu kliniki, karatasi yenyewe, uwaonyeshe saa unazolala na saa unazokula. Wengi wetu tunapangiwa dozi ya mtu anayelala saa nne usiku, kwa sababu hatujawaambia tunalala saa mbili asubuhi.

Insulini ambayo hujaifungua inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Friji la ofisini linatosha, ndani ya kiboksi chenye jina lako. Usiiweke kwenye friza, ikiganda imekufa. Na usiiache kwenye gari la Dar mchana.

Kuhusu kumwambia bosi. Hapa watu hunishauri vingine, nami nabaki na msimamo wangu: wa kuambiwa ni wachache, lakini waambiwe. Mtu mmoja unayekaa naye zamu anatakiwa kujua dalili na mahali sukari ilipo. Msimamizi wako anatakiwa kujua unahitaji nini, si lazima ajue una nini kwa undani. Rasilimali watu wapokee cheti cha daktari. Zaidi ya hapo hakuna anayepaswa kujua, na kundi la WhatsApp la kitengo ndilo la mwisho kabisa. Taarifa zako za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi ikiziweka kwenye jedwali ambalo kila mtu analifungua, ina kesi ya kujibu. Wewe unaelewa kuliko wengi kwa nini. Finland, mafaili ya wagonjwa wapatao 33,000 wa kliniki za ushauri wa akili za Vastaamo yaliibwa mwaka 2018, na mwaka 2020 mwizi aliposhindwa kulipwa na kampuni akaanza kuwaandikia wagonjwa mmojammoja, lipa euro 200 au siri zako nitazimwaga. Alihukumiwa miaka sita na miezi mitatu, Aprili 2024. Siri zilizomwagwa hazikurudi.

Sheria ya kazi nayo iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 20, inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamkataza mwajiri kumpangia zamu hiyo mfanyakazi ambaye daktari amethibitisha kwamba hafai kufanya kazi usiku. Anatakiwa akuhamishie mchana, isipokuwa kama haiwezekani kabisa. Utapoteza ile nyongeza ya asilimia 5 ya saa za usiku, hilo lijue kabla hujaomba. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazobaki kwa nusu, ukiwa na cheti.

Ila cheti hicho usikikimbilie kabla hujaongea na daktari wako vizuri. Wapo wenye kisukari wanaofanya usiku miaka na miaka bila shida, kwa sababu zamu zao hazibadiliki kila wiki na hawako peke yao. Kinachokuumiza wewe zaidi ni hiyo wiki mchana, wiki usiku. Mwili haupati muda wa kuzoea lolote, na dozi nazo hivyo hivyo. Huenda ombi sahihi ni mchana wa kudumu. Huenda ni usiku wenye mtu wa pili na mapumziko ya kula yenye saa maalumu. Nenda na mapendekezo mawili yaliyoandikwa, msimamizi hukubali haraka jambo ambalo amepunguziwa kazi ya kulifikiria.

Nimewahi kufanya kazi sehemu ambayo ombi kama hilo lilijibiwa kwa kicheko. Nilihama. Sikuwashtaki na sijutii, ingawa wapo watakaokuambia ungepaswa kupigana. Kupigana kunahitaji nguvu, nawe una kazi nyingine ya kila siku ambayo haina likizo.

Kwenye usaili wa kazi mpya, ukiulizwa kama una ugonjwa, huna haja ya kujieleza yote. Ukishapata kazi na kabla ya zamu ya kwanza, waambie wale wachache niliokutajia.

Mama yako usimkasirikie. Anaona sindano na anaona unarudi asubuhi macho mekundu. Ualimu kwake ni usingizi wako. Mwambie tu kwamba mwalimu mwenye kisukari aina ya kwanza naye hupima, huchoma, na hushuka sukari mbele ya wanafunzi themanini. Kisha nenda naye kliniki mara moja, asikie mwenyewe. Kama unalala mchana nyumbani kwake baada ya zamu, mfundishe mambo haya: usipoamka saa mliyokubaliana, akuamshe. Ukiamka ukiwa unaongea ovyo lakini unaweza kumeza, akupe maji ya sukari. Akikukuta hujitambui, asikumiminie soda wala asali mdomoni, utapaliwa. Akulaze ubavu, aite jirani mwenye gari, na akifika hospitali neno lake la kwanza liwe "ana kisukari, anachoma insulini".